Duveti la Sita kwa Sita

Habari ilisomwa na yule mtangazaji mwenye sauti ya kubembeleza: mtaalamu mmoja wa usingizi anasema matandiko yasiyofaa yanavunja ndoa nyingi kuliko umbea. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akatoka nje na redio yake mkononi mpaka kwenye benchi la barazani.

"Mmesikia hayo? Sisi tunawalaumu mashangazi, kumbe adui ni shuka."

"Mtaalamu wa usingizi," akasema Gia, dereva wa lori, akipuliza kahawa yake. "Yaani huyo analipwa kulala. Mimi nikifumba macho kidogo tu kwenye usukani naitwa muuaji."

Mama Pindo, fundi cherehani aliyeshona kwenye pembe ya baraza hiyohiyo, alicheka bila kuinua mguu kwenye pedali.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo ni karani wa ofisi ya maji. Watu walimwita Semina, tangu alipopelekwa semina hotelini, siku chache tu, akarudi anakunja leso pembetatu na chai anaiita kiburudisho. Siku hiyo alikuwa ameegemea ukuta akiomba mada ipite kama zinavyopita habari za bei ya saruji. Lakini mwayo hauna siri. Ulimtoka mpana, mtu angeweza kuingiza kikombe na sahani yake.

"Shemeji," akasema Mama Pindo, "mwayo huo si wa kazi."

"Kazi zimetuzidi ofisini."

"Ofisi ya maji, mabomba makavu, kazi zimewazidi," akasema Gia. "Mnafanya nini huko, mnalia kwenye ndoo?"

Semina aliona heri ajitetee kwa kushambulia. Akaketi wima.

"Huyo mtaalamu mnamcheka bure. Usingizi ni uwekezaji. Ndiyo maana mimi nimenunua duveti. Jeupe, zito, la hotelini kabisa. Sita kwa sita."

"Na kitanda?" akauliza Mama Pindo.

"Nne kwa sita."

Cherehani ilinyamaza.

"Sasa hiyo ziada inafanya nini?" akauliza Kinyozi. "Inapokea wageni?"

"Inaning'inia kidogo. Muuzaji aliniambia mtu mzima hanunui saizi ya kitanda, ananunua saizi ya hadhi."

"Na joto hili? Kuta zenyewe zinatoka jasho, wewe unajifunika mlima?" akauliza Gia.

"Joto nilishalitatua. Nimenunua feni."

"Feni ya nini?"

"Ya kupoza duveti."

"Na duveti la nini?"

"Ile feni ina baridi sana."

Gia aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeona ajali mbele.

"Ngoja nielewe, kaka. Feni ipo kwa ajili ya duveti, na duveti lipo kwa ajili ya feni. Wewe umo humo kama nani?"

"Huko hotelini," Kinyozi akaingilia, "chumbani kulikuwa na kiyoyozi?"

"Kilikuwapo. Kama umelala ndani ya jokofu."

"Basi lile duveti lilikuwa dawa. Umebeba dawa ya watu, ugonjwa umeuacha hukohuko."

"Chandarua kinachomekeka?" akauliza Mama Pindo, ambaye alishona vyandarua vingi vya mtaa huo na alijua tabia zao.

"Hakichomekeki," Semina akakiri. "Duveti linakisukuma nje, mbu wanaingia."

"Kwa hiyo ukijifunua mbu, ukijifunika mvuke."

"Mtu anazoea."

"Na shemeji wetu anasemaje?" akauliza Kinyozi.

"Mama watoto? Amelizoea kuliko mimi," akasema Semina. Wiki nzima mkewe alikuwa halali chumbani. Alihamia kwa binti yao, bila ugomvi, na mto wake kwapani. Semina aliamini ni dharau: mwanamke ameamua kulinyanyapaa duveti lake. Akaapa hatalitoa. Kila usiku alijilaza chini yake peke yake, akitokwa jasho kwa msimamo, akisubiri mwenzake ashindwe kwanza.

Sijui ni nani alimwita, maana mkewe huyo hapo, anatoka kazini. Alikuwa muuguzi, bado na sare yake, viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Aliwasalimu wote, akamgeukia Mama Pindo.

"Dada, nipimie shuka. La kitanda cha binti yangu, na liwe na nafasi ya watu wawili, maana ndiko ninakolala siku hizi."

Hakujua kilichokuwa kinaongelewa. Kinyozi akaitazama redio. Gia akainama kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

"Amelizoea," akanong'ona Gia huko chini, "kutokea chumba cha pili."

Mke akawatazama, kisha akamtazama mumewe, akaelewa. Hakupandisha sauti.

"Baba watoto, kama mmeshaanza kikao, basi na mimi niseme. Sikuhama kwa hasira, nimehama kwa joto na baridi. Ukishalala unajizungusha, unalivuta duveti lote, mimi nabaki na feni mgongoni. Nikikuamsha unaniambia hotelini watu hawalalamiki." Akaweka viatu chini. "Kwa mtoto nako ananipiga mateke. Leo wodini nimesinzia nimeshika sindano. Mgonjwa ndiye aliyenigusa mkono akaniambia, sista, amka."

Semina alihisi uso unawaka. Kumbe muda wote aliokuwa akishindana, hakukuwa na mpinzani. Alikuwa na mtu aliyechoka tu, na mgonjwa asiyemjua angeweza kulipia hadhi yake.

"Wewe ungependa tulale na nini?" akauliza, sauti imeshuka.

Mkewe alimwangalia kidogo. "Hilo swali lilikuwa wapi siku ya kununua?"

"Lilikuwa semina," akajibu Kinyozi.

"Shuka la pamba la kutandika," akasema mke, "lenye urefu wa kuchomekwa chini ya godoro, maana unavyojizungusha jingine litatoka kabla ya alfajiri. Na ya kujifunika mawili, kila mtu na lake. Lako jepesi. Langu zito kidogo, miguu yangu inapoa kukikaribia kucha. Feni itazame ukuta. Chandarua kichomekwe."

"Kila mtu na lake?" Kinyozi akashtuka. "Hiyo si ndoa, hiyo ni bweni."

"Bwenini watu wanalala," akasema Mama Pindo, na tayari alikuwa amevuta futi yake shingoni.

Semina alisimama.

"Mama Pindo, la binti liache. Shona haya. Nne kwa sita." Kisha akamgeukia dereva. "Gia, wewe unapanda milima, unalala kwenye kebini na madirisha yana ukungu. Pitia nyumbani ulichukue duveti."

"Bure?"

"Chukua leo, kabla sijaalikwa semina nyingine."

Juma lililofuata Semina alifika barazani macho meupe, anapiga mluzi. Mkewe amerudi chumbani, wodini hasinzii tena, na Gia alipiga simu kutoka milimani kusema amelala kama mfalme mpaka bosi wake akadhani lori limetekwa.

Safari hii aliyepiga mwayo ni Kinyozi.

"Mke wangu kasikia," akasema kwa huzuni. "Ananiuliza, kama karani anagawa maduveti kwa madereva, yeye mke wa mwenye saluni anajifunikaje shuka lililochuja? Usiku kucha hotuba. Semina, duveti ulilinunua duka gani?"

"Kwanza niambie, nani kati yenu anasikia baridi?"

"Hakuna."

Mama Pindo akakata uzi kwa meno. "Baba, niletee vipimo vya kitanda chenu nikushonee cha maana."

"Kitanda hakina shida, dada," akasema Kinyozi akiinuka kumfuata mteja. "Mke wangu hapimi kitanda, anapima jirani."