Kengele Moja Vitabu, Kengele Mbili Vifuniko

Jumatatu, 9 Juni

Siku imeharibika tangu asubuhi. Si baridi. Ni Baba Jeff.

Alinisubiri langoni na daftari la mwanawe. Ndani hamna kitu ila mbuzi mmoja, tena mwenye miguu sita. Akataka kujua watoto wa PP2, darasa langu la chekechea, wanafanya nini kutwa nzima. Nikamjibu kwamba wanajifunza kwa kucheza, ndivyo mtaala unavyotaka. "Mwalimu, kucheza hata nyumbani kuko," akasema. Shule ya kule chini, watoto wanarudi na madaftari matatu na homework. Asipoona maandishi wiki hii, Jeff anahama, na Mama Jannat amesema atamfuata. Jannat wake anasoma herufi madrasa vizuri tu, lakini kwangu anahesabishwa vifuniko vya soda.

Saa nne, Madam Truphosa, mkuu wetu, akaniita. Darasa langu lina watoto kumi na sita. Wakipungua chini ya kumi na watano, PP1 na PP2 zitaunganishwa chini ya mwalimu mmoja. Hakusema nani. Wangare wa PP1 alikuwa nje akiosha vifuniko vyake huku akiimba. Mwanamke yule huimba hata kwenye baridi hii ya Gilgil!

Kumi na sita toa wawili. Nimerudia hesabu hiyo mara tano. Jibu halibadiliki.

Na Alhamisi anakuja Chepchirchir, afisa wa elimu ya awali. Yeye hataki kuona mtoto wa miaka mitano ameinamia daftari. Anataka michezo.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Wahenga hawakuwa na kengele.

Jumanne, 10 Juni

Mpango umeanza! Kengele ikilia mara moja, vitabu juu ya meza. Ikilia mara mbili, vitabu chini ya mkeka, vifuniko na vijiti juu. Vitabu ni vya wazazi, vifuniko ni vya afisa.

Watoto wameupenda kupita kiasi. Tumefanya mazoezi mara kumi na moja na bado walilia turudie. Jeff alijificha chini ya mkeka pamoja na kitabu.

Tatizo: vitabu vyenyewe ni vitupu. Nimewapa dakika ishirini waandike a. Nikapata mashimo manne kwenye karatasi, mbuzi mmoja, na machozi. Basi mapumziko ya saa nne, wao wakiwa uwanjani, nimeandika mwenyewe. Kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko utetemeke kitoto. Vitabu kumi na sita, a mpaka m, moja mpaka hamsini. Kisha kwa mkono wa kulia nikasahihisha kwa biro nyekundu. Jeff nimemnyima alama moja. Tisa juu ya kumi inaaminika zaidi. Hapo ndipo akili ya mtu inapoonekana.

Nilipoinua kichwa Jannat alikuwa mlangoni, magoti yamejaa vumbi jeupe. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia mwalimu anapumzika. Kabla Jannat hajaondoka, Wangare naye akachungulia na kuuliza swali lilelile. Nikampa jibu lilelile.

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Baba Jeff amenipa mkono langoni na kuutikisa mpaka bega likauma. Amewaonyesha majirani daftari. Nikatembea kama mtu mwenye gari.

Ushindi ulidumu mpaka saa sita. Amerudi. Jana jioni alimwambia Jeff aandike a mbele ya wageni. Jeff akachora mbuzi. Baba Jeff haelewi. Kwa hiyo kesho asubuhi atakuja na daftari lake aketi nyuma ya darasa, aone mtoto anavyoandika akiwa shule. Mama Jannat anakuja pia, maana Jannat tangu jana anashika penseli kwa mkono wa kushoto na kutoa ulimi, na kwao hakuna mwenye tabia hiyo. Nikamwambia ni hatua ya ukuaji.

Kesho! Saa ileile ya afisa!

Nikamwambia Baba Jeff kesho haifai, watoto watapewa dawa ya minyoo. Akafurahi sana. Jeff huwa anaitema, akasema, atakuja mapema amshike.

Sikula mchana. Nimekaa dirishani nikitazama PP1. Wangare amewafungulia duka la viazi, na viazi ni mawe. Mtoto ambaye mwezi wa kwanza hakuwa akisema neno alimpimia mwenzake mawe manane, akaangalia kikapu, akasema yamebaki mawili yafike kumi. Hakuna aliyemwuliza. Nilitamani awe wa kwangu. Wangare aliponiona akanipa gunia la vifuniko nikatumie. Nikakataa. Mimi nina mfumo.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika haraka, kabla sijabadilisha mambo.

Saa tatu. Afisa, Baba Jeff na Mama Jannat wameketi nyuma kwenye viti vya watoto, magoti kifuani. Madam Truphosa mlangoni. Nikashika kengele. Moja au mbili? Nikipiga moja, afisa ananiandikia ripoti mbaya. Nikipiga mbili, nabaki na watoto kumi na wanne. Mkono ukaamua wenyewe. Ikalia kama saba.

Fujo! Nusu wakatoa vitabu, nusu wakaficha, Jeff akaingia chini ya mkeka. Baba Jeff akauliza kama hiyo ndiyo dawa ya minyoo.

Afisa akasema kwa upole niwaache tu, wachague mchezo wanaoutaka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Wangechagua nyumba, au gari.

Jannat akachukua kengele. Akasema wacheze mwalimu.

Akawapanga mstari. Akakusanya vitabu vyote, hata vya chini ya mikeka, akajibanza kwenye pembe, akashika penseli kwa mkono wa kushoto, akatoa ulimi. Akaandika upesi upesi, akitupa jicho mlangoni. Jeff akapita akiimba, yeye akiigiza Wangare, akauliza, "Mwalimu unafanya nini?" Jannat akasema, "Napumzika." Kisha akahamisha penseli mkono wa kulia. Tiki, tiki, tiki. Akatangaza Jeff amepata tisa.

Baba Jeff akafungua daftari lililokuwa mkononi mwake. Akaliangalia. Akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Lakini Jannat hakuwa amemaliza. Akahesabu vitabu, kidole kwa kidole, mpaka kumi na tano. Akahesabu wenzake, akajiongeza mwenyewe. Akafikiri. Akaenda moja kwa moja kwa Baba Jeff, akanyoosha mkono: "Imebaki moja. Ni hiyo."

Mama Jannat akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Baba Jeff akatoa daftari kama mtu aliyeulizwa kitambulisho na askari.

Afisa aliandika muda mrefu sana.

Ijumaa, 13 Juni

Jeff anabaki. Jannat anabaki. Baba Jeff amesema kama mtoto anaweza kumdai kitabu mtu mzima bila kufundishwa, basi hapa kuna kitu. Akasisitiza "bila kufundishwa" huku akinitazama.

Kumi na sita! Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kidogo. Ningewakosa wale watoto, hata yule wa mbuzi.

Madam Truphosa amenipa onyo la maandishi. Pia, kila alasiri nitakaa kwa Wangare nijifunze. Leo nilikuwa mteja wa viazi. Nimepunjwa jiwe moja, na mtoto akakataa kurudisha.

Ripoti ya afisa inataka kila mtoto awe na faili la michoro yake ya muhula mzima, wazazi waione hatua kwa hatua. Atarudi kukagua mafaili Jumatano.

Jumatatu, 16 Juni

Nimejifunza mengi. Kosa langu lilikuwa mlango. Leo nimeufunga.

Michoro kumi kwa kila mtoto, watoto kumi na sita. Nimenunua krayoni. Mkono wa kushoto umezoea sana sasa, na mbuzi wangu hata Jeff hawezi kuwakana. Wa Aprili nimewapa miguu sita, wa Mei mitano, wa Juni minne. Hatua kwa hatua!

Jannat yuko dirishani. Amehesabu mbuzi mpaka kumi na nne.

Nimemwambia napumzika.