Glavu za Kipa Wangu Zimekauka

Jumatatu, 9 Machi

Kwako Daftari, salamu nyingi sana. Mimi sijambo, ila wasiwasi ndio mzima kuliko mimi. Mzee, mume wangu, hajambo, goti tu linamsumbua, na kwa kuwa hasemi kitu inabidi nimsemee. Mwanangu kipa hajambo mwili, roho sijui. Mkwe wangu, mke wa kipa, hajambo, na ulimi wake hajambo zaidi. Mjukuu hajambo, kang'oka jino la mbele, sasa kila akiongea anapiga mluzi bila kutaka. Paka hajambo, ana mimba tena. Fundi cherehani wa nyumba ya pili hajambo na anakusalimu, ingawa hakujui.

Wewe nimepewa na daktari wa timu. Kasema nikishikwa na wasiwasi nikuandikie wewe, nisimpigie simu kocha. Eti kocha kabadilisha namba. Kisa mimi! Nilikuwa nauliza tu kama mtoto kala. Mtoto mwenyewe ana ndevu, sawa, lakini ndevu hazishibishi.

Sasa sikia. Mkataba wa mwanangu unakwisha. Jumamosi wanacheza na vinara wa ligi. Kocha katangaza kuwa baada ya mechi hiyo atabaki na kipa mmoja, mwingine akatafute timu. Makipa ni wawili, mwanangu na kijana mmoja mrefu wanamwita Ngazi. Mwanangu ndiye ataanza golini, Ngazi atakaa benchi. Akiharibu, ndio basi tena.

Ngazi ana mama. Huyo nitamwandika kesho. Leo nataka kulala na moyo safi.

Jumanne, 10 Machi

Mama Ngazi! Nimemkuta dukani kwa muuza vitambaa, kavaa jezi ya mwanawe juu ya gauni. Siku ya kazi! Akanisalimia kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Akasema, shoga yangu, pole. Nikauliza pole ya nini. Akasema ya yale mate.

Aibu gani hii! Kumbe jana runinga ilimwonyesha mwanangu mazoezini, kwa karibu, akitemea glavu zake. Tfu, kulia. Tfu, kushoto. Kisha akazisugua. Mama Ngazi kasema kwao watoto walifundishwa kumeza. Muuza vitambaa akacheka mpaka mita ikamwanguka.

Nimetoka bila kitambaa. Bila chenji pia.

Jumatano, 11 Machi

Nimemweka mwanangu kikao jikoni. Nimemuuliza nimemkosea nini. Kanijibu kwa upole, maana ni mtoto mwema, kwamba glavu ya kipa ikikauka haishiki mpira. Lazima iwe na unyevu kidogo. Kasema makipa wote hutemea. Nikamwambia makipa wote hawajazaliwa na mimi.

Mkwe akadakia kwamba Mama akianza kufikiri, wote tushike kuta. Nimemsamehe. Ni mjamzito. Au siye, nimechanganya na paka.

Nimepata wazo.

Alhamisi, 12 Machi

Wazo lilikuwa zuri, watu ndio wabaya.

Jana nilishona mfuko kwenye bukta yake ya mazoezi, mbele, pale mkono unapofika bila taabu. Ndani nikatia sifongo lililolowa maji. Awe anagusa tu, glavu zinalowa, mate yanabaki mdomoni. Heshima! Fundi cherehani mwenyewe kasifu mshono.

Mwanangu karudi jioni hataki kula. Sifongo lilivuja. Mbele pote. Mbele ya wenzake, mbele ya kocha, mbele ya mpiga picha wa gazeti. Sasa mazoezini wanamwita Kikojozi. Ngazi kampelekea nepi.

Mzee kaongea! Mara ya kwanza wiki hii. Kasema, mama, mwache mtoto. Kisha akarudi kwenye kimya chake. Goti lake ninalomkanda kila usiku leo nimemwachia mwenyewe, ajikande.

Ijumaa, 13 Machi

Daftari, nimeamka na akili nyingine kabisa! Nilikuwa nampaka mjukuu mafuta baada ya kuoga. Magoti meupe kama unga, nikapaka, yakang'aa. Hapo hapo nikaona mwanga. Mwanangu kasema nini? Kasema glavu zinakauka. Kitu kikikauka kinapakwa nini? Mafuta! Maji yanakauka, mate yanakauka, mafuta yanakaa. Mwaka mzima wanatemeana mate uwanjani na hakuna kocha aliyefikiria hili. Wanalipwa kwa lipi?

Glavu za mechi ziko kwangu. Ndiyo desturi yetu tangu anachezea timu ya mtaa. Akishapasha mwili huja kwenye uzio, ananiachia glavu za mazoezi, mimi namvisha za mechi kwa mikono yangu, namwambia nenda ukadake. Hajawahi kuingia golini bila hivyo.

Nimezipaka mafuta ya mgando, yale yenye harufu ya waridi. Viganja nimevirudia. Kidole kwa kidole. Nimesugua mpaka yakazama. Laini! Ukizishika zinataka kukukimbia zenyewe.

Mkwe kauliza nini kinanukia. Nimesema mimi.

Jumamosi, 14 Machi

Kalamu inaniteleza, mafuta bado yako vidoleni. Nitaandika hivyo hivyo.

Nimekaa jukwaani. Nani yuko kiti cha pembeni? Mama Ngazi, na tarumbeta. Mwanangu akaja kwenye uzio, nikamvisha. Akanusa, akasema Mama leo umejipulizia. Nikamwambia nenda ukadake. Akaniachia zile za mazoezi kama kawaida. Nazo zimekauka, maskini! Kopo la mafuta lilikuwa mkobani. Nikazipaka nazo, zisione wivu.

Kipenga. Mpira wa kwanza ukapigwa kutoka mbali, mpira mchovu, unabingirika kama unaomba njia. Mwanangu kauinamia, kaudaka, kausimamisha kifuani. Ukamponyoka kama sabuni bafuni. Ukampita katikati ya miguu. Bao!

Mwanangu akatazama viganja. Akavinusa. Akainua uso, akatafuta jukwaani. Daftari, nimezaa yule mtoto, najua akinitafuta. Nikafungua mwavuli. Jua halikuwepo wala mvua.

Akakimbilia kwenye uzio kuchukua zile za mazoezi. Nikampa, nifanyeje. Akazivaa. Akanusa. Sitasahau lile jicho.

Kocha akamwambia Ngazi apashe mwili. Mama Ngazi akapuliza tarumbeta sikioni mwangu. Akaniambia pole, safari hii pole ya kweli. Nikaona mkataba wa mwanangu unaondoka, na mimi ndiye niliyeupaka mafuta.

Sijui nilifikaje kwenye uzio. Goti la mzee lingekuwa langu nisingefika. Nikapiga kelele, vua! Vua glavu! Jukwaa zima likadakia, vua, vua, bila kujua kinavuliwa nini. Mbaba mmoja nyuma yangu akavua shati. Mwanangu akavua glavu, akazitupa nyuma ya wavu, akabaki na mikono mitupu. Akaisugua kwenye nyasi. Bado inateleza. Akanitazama. Nikajua anataka kufanya nini na ananionea haya, na runinga ipo, na Mama Ngazi yuko nyuma yangu na simu yake imewashwa.

Nikasema, tema.

Hakusikia. Nikapasua koo. Tema, mwanangu! Tema sana! Akatema. Kulia, kushoto, tfu, tfu, hadharani. Nami nikatema kwenye viganja vyangu, tuwe wawili.

Baada ya hapo hakupita kitu. Mashuti ya vinara wa ligi kayadaka kama anachuma matunda. Wenzake wakarudisha bao, wakaongeza la pili. Ngazi akakaa tena. Halafu dakika za mwisho, vinara wakapewa penalti! Nikajifunika mwavuli, nikasikia kishindo, kisha uwanja ukalipuka. Nilipochungulia Mama Ngazi alikuwa kanikumbatia. Analia! Kasema hakuwahi kuona mkono ukipangua penalti namna ile. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akaniachia.

Tumeshinda. Kidole cha mwisho cha mwanangu kimevimba kama ndizi. Kocha kamfuata pale pale kamwambia anabaki. Mkataba atausaini kwa mkono wa kushoto.

Jumapili, 15 Machi

Kikao cha familia. Mimi katikati, wengine kuta zote. Mwanangu kaongea taratibu, kidole kimefungwa bendeji. Kasema ananipenda. Kasema desturi yetu ya uzio inaendelea. Ila nisiguse tena kitu chochote anachovaa mikononi. Si kushona, si kufua, si kupaka. Mkwe kataka niape. Nikaapa mbele ya mzee, mbele ya mjukuu, mbele ya paka. Sitagusa tena kitu cha mikononi. Nimeelewa kabisa. Mafuta na mikono ya kipa haviendani. Mtu hufundishika akiwa na nia.

Wakaenda kutembea, nikabaki nafagia. Nyuma ya mlango nikaona viatu vyake vya mpira. Masikini viatu! Vimekauka, vimepasuka, vinalia ukivikunja. Miaka yote hii nimehangaika na mikono, na miguu hakuna anayeifikiria. Kipa hadaki kwa miguu, hata mtoto anajua. Na kwenye kiapo miguu haikutajwa, nimekumbuka neno kwa neno.

Kwa hiyo nimevipaka. Juu kidogo, ila chini zaidi, pale kwenye meno yanayoshika nyasi, ndiko kulikokauka mno. Vimelainika vizuri. Kimoja kimeniteleza mkononi mpaka chini ya kabati, nimemtuma paka.

Mzee anakusalimu. Mjukuu anakusalimu kwa mluzi. Nami, Daftari, kwa kuwa wewe umefika shule kuliko mimi, nina swali moja, je, nyuzi za viatu nazo nizipake, au zinatosha hivyo? Tafadhali nijibu upesi, wanarudi, nawasikia getini.