Kikombe cha Bati Juu ya Rejeta

Jumatatu, 3 Machi
Gari la marehemu Baba limechemsha tena! Tena mbele ya Kaka Mkubwa. Amesema Jumapili nimfikishe Mama kwa dada yake bila kusimama njiani, la sivyo funguo nimkabidhi yeye. Funguo zangu! Baba alinipa mimi kwa mkono wake, na usia mmoja: nisifungue rejeta mpaka kiganja kikae juu yake bila kuungua. Hilo nalo ni la kuusia mtu mzima?

Jumanne, 4 Machi
Maji ya rejeta yanaisha, chini ya gari pakavu. Hata tone! Fundi kanusa moshi, akasema gasketi imekufa, injini ifunguliwe, kazi ya wiki nzima. Nimemshukuru, nikapitia dukani kununua mayai. Ute hupikika humo ndani na kuziba ufa. Nimemimina matatu ndani ya rejeta.

Alhamisi, 6 Machi
Kikombe cha bati cha Baba, kile alichokuwa akilitilia gari maji, nimekikuta juu ya rejeta. Kimelowa. Tulikifungia kabatini siku ya msiba! Mama kaapa hajakigusa. Nimekirudisha, nimefunga, ufunguo mfukoni.

Ijumaa, 7 Machi
Kikombe kiko pale pale. Kimelowa. Ufunguo bado ninao. Nimeogopa, sifichi. Baadaye akili ikanirudia: ni Kaka Mkubwa, anataka nikate tamaa. Nimeongeza mayai mawili kumkomesha.

Jumapili, 9 Machi
Nusu ya safari mshale wa joto ukapanda. Harufu ya mayai ya kuchemsha gari zima. Nikasimama, nikashuka, nikainua boneti. Kiti cha nyuma mtu akakohoa mara mbili. Kikohozi cha Baba! Nyuma hakuna mtu. Mama, aliyekaa mbele, akasema taratibu bila kugeuka kwamba Baba anataka nisubiri lipoe. Lakini Kaka alikuwa anapiga simu, anapiga simu. Nikafungua rejeta.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika kwa mkono wa kushoto. Kaka kachukua funguo. Nimelia, wala si kwa sababu ya mkono.
Alfajiri nimeamka, kikombe kiko kando ya mto wangu, kimejaa maji baridi. Mlango nilikuwa nimeukomea kwa ndani. Nimeyamwaga juu ya bendeji, maumivu yakatulia papo hapo. Nikakaa kitandani, nikamshukuru Baba kwa sauti.
Ujumbe nimeupata. Mayai yalikuwa machache. Pikapu la jirani nalo linachemsha, na nimeshamwahidi kwamba kesho naenda na trei nzima.