Masizi Hayapatikani Hjulsta

Jumatatu, 10 Novemba
Hili sijamwambia mtu yeyote. Leo nimenyoosha mkono darasani, mara ya kwanza tangu Agosti, na nilichosema kilikuwa uongo. Felicia, mwalimu wetu wa fizikia, alikuwa anaeleza nanotyubu: vibomba vya kaboni, vyembamba kuliko unywele mara maelfu. Ukipitisha umeme vinapata moto, vinatoa mwanga. Akauliza nani amewahi kuviona. Nikasema ninavyo nyumbani. Ninavyo! Akafurahi mno. Nivilete Alhamisi, na nafasi moja ya kwenda maabara ya chuo kikuu ni yangu. Yvan, Mrundi anayejua kila kitu, akacheka kwa pua.

Naandika Kiswahili kwa sababu dada yangu Kelly hawezi kukisoma. Mama anaweza. Ndipo shida ilipo.

Jumanne, 11 Novemba
Kaboni si masizi tu? Kwa nyanya Kisumu masizi ni ya bure. Huku ughaibuni, mtaa mzima wa Hjulsta watu wanapikia umeme! Nimewasha mishumaa bafuni, juu yake sufuria ya ugali, ile Mama aliyoipakata kwenye ndege. Ikawa nyeusi tii. Nikakwangua, nikaunga betri. Giza. Kengele ya moshi, lo, hiyo ilifanya kazi! Akina mama wa maombi, wageni wa Mama, wakatoka sebuleni mbio hadi kwenye ngazi. Nikasema nilikuwa napika. Mama akauliza, bafuni? Kisha akakagua vidole vyangu kimoja kimoja kabla hajaitazama sufuria. Mungu ambariki.

Jumatano, 12 Novemba
Yvan ameniambia kwenye treni kwamba nina masizi hadi sikioni. Nikakiri yote. Ajabu, hakucheka. Akanipa uti mweusi wa penseli na betri za kaka yake. Nimejaribu: ukaiva mwekundu, ukawa mweupe, joto likanipiga usoni. Nilitaka kulia. Kisha ukakatika, ukatoboa taulo.

Alhamisi, 13 Novemba
Uti umewaka mbele ya darasa zima. Felicia akasema hiyo ni penseli. Nikatamani ardhi ipasuke. Yvan akadakia kwa Kiswidi: tulitaka kuonyesha kwamba kaboni yoyote ikipata moto inatoa mwanga. Tulitaka! Felicia akapigia maabara simu, akaomba nafasi ya pili, ya Yvan. Nikampa Yvan chapati yangu nzima.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimeziona nanotyubu! Kinukta cheupe ndani ya chupa isiyo na hewa. Wanapima joto lake kwa kuutazama mwanga tu, bila kukigusa. Nilisahau kuona haya kabisa. Mtafiti, Aurore, akauliza kama nimewahi kuona mwanga kama huo. Mkono ukanyooka wenyewe. Nikasema za kwangu nyumbani zinawaka zaidi.

Anakuja Jumapili kuziona. Yvan amefunika uso.

Mishumaa ipo. Sufuria, ambayo Mama ameisugua tangu Jumanne, iko chini ya kitanda changu. Safari hii nitafungua dirisha.

Nyayo kwenye korido. Mama anauliza, Okech, sufuria yangu iko wapi? Ukurasa huu, haraka, chini ya m