Kocha wa Pumzi

Siku Bazilio, afisa mifugo wa Kibondo, alipolala chali katikati ya uwanja wa Kasulu huku mpira bado unachezwa, watu wote walimhurumia isipokuwa Castory. Castory alimpenda. Alikuwa pembeni anatafuna karanga, na pale pale akajua riziki imepiga hodi.

Maana Castory, jamani, hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Castory alifunguliwa na kukaribishwa chai. Aliwahi kuwauzia watu wa Titye dawa ya kuzuia mvua ya mawe, na mvua ya mawe iliponyesha akawauzia nyingine ya kuzuia ile iliyobaki.

Watumishi wa Kibondo walifungwa tisa bila. Miaka kumi hawajagusa mpira, viti vya ofisini vimewalea, halafu wakarudi uwanjani kwa tamaa ya mbuzi wa zawadi. Bazilio alitolewa kwa toroli, watu wakimpiga picha. Marudiano yalikuwa baada ya wiki sita, na alishaapa kwamba toroli hapandi tena.

"Shikamoo mkuu," Castory akachuchumaa kando ya toroli. "Miguu unayo, akili unayo. Ulichopoteza ni pumzi tu."

"Nakufa."

"Anayekufa haongei. Mimi ni kocha wa pumzi."

"Kwani kuna kocha wa pumzi?"

"Ala! Kwani pumzi inajifundisha yenyewe?"

Bazilio alisoma chuo kikuu mpaka akajua mapafu ya ng'ombe kwa majina, lakini hapo akauliza bei tu. Akakubali kulipa ada, yeye na wenzake kumi.

Sasa sikilizeni uchawi wenyewe. Wiki hiyo hiyo Castory alikuwa amepatana na Mama Evaline, aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni juu ya kilima pale Kibondo, mahali lori haliwezi kupanda. Kazi ilikuwa kupandisha matofali elfu mbili na mia tano kutoka kwenye tanuri bondeni. Alichokosa ni wabebaji.

Basi kila alfajiri timu ikapanga mstari tanurini, kila mtu na matofali mawili, safari tatu.

"Tofali linafungua kifua!" Castory alipaza sauti. "Hatua mbili vuta kwa pua, hatua tatu toa kwa mdomo!" Hesabu hizo alizitoa kule kule anakotoa kila kitu.

Aliogopa jambo moja tu: mpita njia kuuliza kwa nini watumishi wa serikali wanasomba matofali. Akatunga sheria. Kila mnayekutana naye msalimieni Kiha, salamu kamili, bila kusimama, asipate nafasi ya kuuliza mengine. Na salamu ya Waha si mambo-poa. Unaulizia walivyoamka, watoto, ng'ombe, maharage, mvua, kisha unaulizwa wewe. Katikati ya kilima alilima Bibi Pelagia, ambaye hakumwachia mtu kabla hajajua habari za kwao zote. Wiki ya kwanza Bazilio, mtu wa Mtwara, alifika kwenye ile "Mwakeye" ya kuanzia tu, pumzi ikaisha, akakalia matofali yake.

"Kocha, kumbe unajua," alisema Ernesta, muuguzi aliyekuwa mstarini. "Hata sisi mgonjwa aliyelala sana tunamwambia aanze polepole, aende mwendo ambao bado anaweza kuongea."

"Ndiyo sayansi yenyewe," Castory akajibu, akaogopa kidogo. Uongo wake haukuwahi kuungwa mkono na mtaalamu.

"Mbona wewe hubebi?"

"Nikibeba, dada yangu, nani atakagua mnavyohema?" Akawasha sigara.

Mama Evaline aliwatazama wakipanda na jezi zao, akadhani mishahara imechelewa. Aliwaonea huruma sana.

Jumamosi timu ilipokwenda Kasulu, Castory alibaki. Matofali mia tatu yalikuwa bado, lakini alimbembeleza Mama Evaline mpaka akalipwa yote. Jumapili asubuhi alitia hela kwenye soksi, akazima simu, akashika njia ya stendi.

Lo! Timu nzima hiyo, inakuja mbio. Mbele yao Bazilio, begani ana kitu kinachovuja damu.

"Kocha! Simama!"

"Yesu na Maria!" Castory akageuka, akatimua mbio kupanda kilima, akatokee barabara ya Mabamba. Moshi wa miaka ishirini ukamsalimia kifuani.

"Mwakeye, mwana wanje!" Bibi Pelagia huyo, na jembe lake.

Castory ni tapeli, lakini ni Muha wa Kasulu. Kumpita mtu mzima bila kumjibu, hilo mama yake hakumfundisha.

"Mwa... mwakeye."

"Watoto wameamkaje?"

"Wa... wazima."

"Na ng'ombe?"

Hapo pumzi ikakata, akaketi chini. Nyuma yake sauti kumi na moja zikapanda bila kusimama: "Mwakeye, Bibi Pelagia! Maharage yamepona na mvua?"

Castory alibakiwa na pumzi moja, akaitumia kuungama. "Nisameheni! Matofali ya Mama Evaline, nililipwa mimi, hela iko kwenye soksi, msiniue!"

Bazilio akateremsha mzigo taratibu. Lilikuwa paja la mbuzi.

"Tulishinda mbili moja, kocha. Simu yako haipatikani, tukaona tukuletee nyama." Wala hakuwa anahema.

Castory akalitazama paja. Roho ilimuuma, na mate yalimjaa. "Basi," akasema, "niliyosema yafuteni."

"Soksi ya kulia au ya kushoto?" Ernesta akauliza.

Paja walilichoma wenyewe, juu kwa Mama Evaline. Jumatatu alfajiri mtu mmoja alionekana anapanda kilima peke yake, matofali mawili kichwani, Bazilio nyuma yake na filimbi: hatua mbili vuta, hatua tatu toa. Yalikuwa bado mia mbili tisini na nane.

Bibi Pelagia akaweka jembe chini, akajifuta mikono.

"Mwakeye, mwana wanje. Jana hukuniambia habari za ng'ombe."