Uzinduzi wa Maji ya Kuoshea Matumbo

Ndugu wananchi wa Kibiti na delta yote, natangaza kwa fahari kwamba kituo chetu cha afya kimepokea katoni za maji ya dripu ya kumwoshea mgonjwa tumbo wakati wa upasuaji, kabla hajashonwa, ili kidonda kisioze. Mie ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi. Maji yalipofika nilichukua hatua za haraka: niliyafunga utepe, nikayafungia stoo.

Kitu cha serikali hakiguswi kabla mgeni rasmi hajakata utepe. Kikishaguswa, kitazinduliwa nini tena? Mgeni wetu, mkubwa mmoja wa mkoani, aliahirisha kwa sababu ya mvua. Kisha boti yake ikakwama Mbwera, maji yamekupwa. Kisha akaitwa kijiji cha Mkongo kuzindua choo. Kamati ikala pilau ya mgeni kwa masikitiko.

Dokta Hajira, mpasuaji wetu, hana subira. "Mwenyekiti, Kibwana wa Mtunda kidole tumbo kimempasukia. Usaha umejaa. Nipe chupa mbili tatu."

"Katoni zikipungua, mgeni rasmi atapigwa picha na nini?"

"Na Kibwana akioza?"

"Tutamtaja kwenye risala, upande wa changamoto."

Basi Kibwana akapanguswa kwa vitambaa, akashonwa. Kidonda kikafumuka, kikanuka wadi nzima. Mkewe, Swaumu, alishinda akimpepea huku ndege wakila mpunga wao shambani. Kamati haikukaa kimya. Iliidhinisha udi.

Ijumaa, baada ya kikao, kidole tumbo changu nacho kikapasuka. Mwili haujui itifaki.

Nilichomwa sindano ya mgongo, nikafa ganzi kutoka kifuani kwenda chini. Kinywa kikabaki kazini.

"Usaha mtupu," akasema Dokta Hajira. "Sista Sihaba, lete vitambaa."

"Vitambaa?" nikauliza. "Maji je?"

"Yana utepe, Mwenyekiti," akajibu Sista Sihaba.

"Ukateni!"

"Na mgeni rasmi?"

"Nakaimu mie. Ufunguo umo kwenye suruali yangu, hapo nje. Kimbia, mwanangu."

"Basi tamka, baba. Mambo yaende kwa taratibu."

Nikatamka, tumbo wazi, kwamba maji yamezinduliwa rasmi. Sijawahi kutoa hotuba fupi kama ile, wala ya kutoka moyoni kama ile. Niliogopa kufa, nasema kweli. Maji yakaja, yakamiminwa, yakanyonywa, yakamiminwa tena mpaka yakatoka meupe.

Kesho yake Kibwana naye akafunguliwa upya, akaoshwa kwa katoni ileile. Tukalazwa vitanda jirani. Kidonda changu kikakauka upesi, chake kikachukua msimu mzima wa mavuno.

Siku naruhusiwa, Kibwana aliniomba nifunue shati. Akakitazama kidonda changu kwa makini, kisha akamgeukia mkewe.

"Swaumu, njoo umwone mgeni rasmi tuliyekuwa tukimsubiri," akasema. "Kumbe ni tumbo la Mwenyekiti."