Kipima Mvua Uani Kwangu

Jumatatu, 10 Machi
Nimepewa cheo! Bibi shamba Arafa kaniletea kipima mvua, mrija wa plastiki wenye mistari, kaufunga kwenye nguzo uani kwangu hapa Kiwangwa. Kila asubuhi nisome, niandike kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Ikifika milimita thelathini, watu wapande mahindi. Chini ya hapo wasubiri. Mwaka jana walikurupuka, mbegu zikaungua ardhini, kwa hiyo sasa wanautazama ubao kama wanavyotafuta mwezi mwandamo. Jirani yangu Mzee Bwanausi aliuliza kwa nini nimechaguliwa mimi. Wivu tu. Miaka mitatu mfululizo mahindi yake mabichi yanatangulia kufika sokoni Lugoba, abiria wa mabasi wanayagombea. Yangu yakifika, watu wameshakinai.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua! Kipima kinasema thelathini na nne. Nimeandika tisa. Maji nimeumwagia mchicha. Mzee Bwanausi alikuja ofisini na udongo kiganjani, akasema umelowa shubiri nzima. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamweleza kwamba shubiri si kipimo cha kitaalamu. Akaitikia marahaba, akarudi nyumbani na jembe lake. Kwaresima na Ramadhani kwa mpigo, nami nadanganya! Nitaungama kabla ya Pasaka.

Jumamosi, 15 Machi
Nimepanda peke yangu kijiji kizima. Mke wangu Gertruda yuko Kaole kwa dada yake. Alikuwa ameagiza tupande nusu ya mbegu, nusu ibaki juu ya dari ya jikoni kwenye moshi, maana hatuna nyingine. Woga! Nimepanda zote. Shamba liko nyuma ya mikorosho, hakuna atakayeliona.

Ijumaa, 21 Machi
Yameota! Kanga wa porini wameyaona. Miaka mingine huwala watu wote kidogo kidogo. Mwaka huu wananila mimi tu. Nimeshinda nikipiga debe. Walioniuliza kelele za nini nimewajibu nafanya mazoezi ya ngoma za kwaya. Gertruda karudi, hajapanda darini bado.

Alhamisi, 27 Machi
Siku ya kumi na tatu bila tone. Kanga walichobakiza, jua limemaliza. Nilibeba ndoo za maji kutoka kisimani mpaka mabega yakagoma. Bure. Nimelia kidogo chini ya mkorosho. Ubaoni nimeandika sifuri. Hiyo ni kweli.

Jumatano, 2 Aprili
Mkutano wa kijiji. Bibi Arafa katangaza kwamba vijiji vya jirani vilivyopanda kwa mvua ya tarehe kumi na nne vimepoteza kila kitu. Kwetu mbegu zote ziko salama, shukrani kwa msoma kipima makini. Makofi! Mzee Bwanausi alisimama, akakiri mbele ya watu kwamba alinidharau. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Gertruda hakupiga makofi. Asubuhi alikuwa amepanda darini. Njiani akaniambia polepole, "Kijiji kizima kina mbegu, isipokuwa nyumba ya msoma kipima. Watoto watakula huo ubao?"
 Jioni tulikula muhogo.

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua ya siku tatu, sitini na moja. Nimeandika sitini na moja, kwani ningefaidika nini? Kila shamba lina watu, langu halina. Alasiri Mzee Bwanausi alibisha hodi, kabeba pishi mbili za mbegu. Alisikia tumepungukiwa, hakuuliza kwa nini. "Chukua, mwanangu," alisema. "Bila wewe hata mimi nisingekuwa nazo."
Gertruda alizipokea yeye. Kazipanda mwenyewe, mimi nimekatazwa hata kushika jembe. Niliona haya sana, karibu saa nzima.
Kisha nikakaa, nikatafakari kwa utulivu ni wapi nilipokosea. Sasa nimepaona. Niliandika pungufu. Msimu wa vuli nitaandika zaidi, wapande mapema wao, waliwe na kanga wao, waungue wao, nami nisubiri. Lugoba itanitambua!